Jina Kibaoni na Jina Vinywani

Juma lililopita safu hii haikuonekana, na wapo walioiulizia, baadhi yao kwa huruma na baadhi kwa lawama. Tulikuwa Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, watu wanne wa mtaa mmoja, kwenda kutoa mkono wa taazia. Tumerudi na jambo ambalo hatuna budi kulieleza, kwani safari ile ilitukatia hoja iliyokuwa imetushinda hapa nyumbani kwa miezi miwili, na iliikata kwa upande ambao hatukuutazamia.

Hoja yenyewe wengi wenu mnaijua, maana barua zenu ndizo zilizotujia. Kisima cha mtaa wetu kimechakaa. Bwana mmoja mwenye uwezo amejitolea kukichimbua upya, kukitilia pampu ya umeme wa jua na kukijengea tangi. Ameweka sharti moja tu: ukutani pawekwe kibao cha marumaru chenye jina la marehemu baba yake. Hapo ndipo kamati ilipogawanyika. Kuna waliosema kwamba hiyo ni riya, na sadaka haitaki tarumbeta. Kuna waliojibu kwamba maji hayaulizi yametolewa na nani, na kwamba anayetoa mfukoni mwake ana haki ya kuomba ubao wa shubiri mbili. Sisi tulikuwa upande wa kwanza. Tulikuwa tumekwisha kuandika makala, na tusifiche, ilikuwa makala yenye ulimi mkali.

Kabla haijachapwa zikaja habari za msiba. Mzee mmoja, Mjaluo wa Mbita, aliyefanya kazi bandarini na kukaa nasi mtaani zaidi ya miaka thelathini, amefariki kwao. Hakuwa wa dini yetu. Alikuwa jirani, na neno hilo katika dini yetu si dogo. Wanawe wametuomba tusilitie jina lake gazetini, nasi tumewaahidi. Watu wazima wa mtaa watamjua tukisema neno moja tu: pampu. Kila ile pampu ya mkono ilipogoma, na haikupita miezi bila kugoma, yeye ndiye aliyeshuka na kikapu chake cha spana baada ya zamu, akafungua, akakata ngozi ya viatu kuukuu akaitia mahali pa ile iliyolika, akafunga, akaenda zake. Hakuwahi kudai ujira. Alipostaafu alirudi kwao, na pampu ikawa na mafundi wengine, wa kulipwa.

Tulikwenda Kisumu kwa basi, kisha Luanda Kotieno, na hapo tukapanda feri ya kuvukia Mbita. Sisi tuliozoea Likoni tulidhani tunajua feri ni nini. Lakini ziwa lina ukimya wake, na maji yasiyo na chumvi usoni humshangaza mtu wa pwani kama chakula kilichosahauliwa munyu. Pwani ya Mbita ilikuwa imetandikwa nyavu, na juu ya nyavu omena wakianikwa, weupe kama fedha iliyomwagwa. Usiku taa za wavuvi wa omena hujipanga ziwani mpaka mtu akadhani kuna mji wa pili huko majini.

Siku ya pili, wakati wa kungoja jamaa wengine wafike, mdogo wa marehemu alituchukua ng'ambo ya daraja, kisiwani Rusinga, kutuonesha kaburi la Tom Mboya. Wageni wote hupelekwa huko, alisema, na asiyepelekwa huhesabiwa hakupokewa vyema. Ni jengo lenye umbo la risasi, kuashiria kilichomuua. Ndani mna picha na baadhi ya vitu vyake. Tulisimama pale kwa muda, na kwa kuwa vichwani mwetu tulikuwa tumebeba kile kibao cha marumaru kutoka nyumbani, tulijikuta tunaulizana: huyu mtu jina lake linakaa wapi hasa?

Si kwamba lilikosa pa kukaa. Nairobi kuna mtaa mkubwa kwa jina lake, na tangu mwaka 2011 kuna sanamu yake barabara ya Moi, karibu na mahali alipopigwa risasi Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka thelathini na minane. Hapa kwetu Mombasa kuna barabara yake Tudor, na twaipita kila siku bila kumfikiri. Homa Bay kuna chuo kikuu. Enzi za uhai wake umaarufu wake ulikuwa wa kutisha: Desemba 1958, kijana wa miaka ishirini na minane, aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima huko Accra, Machi 1960 sura yake ilikuwa juu ya jalada la gazeti la Time la Marekani. Katika Afrika Mashariki ya wakati ule walikuwa wachache waliotajwa mbali kama yeye. Na waja walisema tangu kale kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Lakini mwenyeji wetu hakutusimulia Accra wala jalada. Alitusimulia mambo mawili. La kwanza linatuhusu sisi watu wa bandari. Mwezi wa Machi 1955 wachukuzi wa bandari ya Mombasa waligoma, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari, wakati ambapo kugoma kulikuwa ni kujitafutia kifungo. Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akiwa hajatimiza hata miaka ishirini na mitano, alishuka Mombasa, akazungumza nao wakarudi kazini, akawasemea mbele ya wasuluhishi, na mishahara ikaongezwa kwa karibu theluthi nzima. Marehemu wetu alifika bandarini baadaye sana. Lakini wazee aliowakuta walimpa hadithi hiyo kama mtu apewavyo zana za kazi, naye akaja kumpa mdogo wake huku ziwani. Angalieni njia iliyopita: jambo lilitendeka Mombasa, likatiwa kifuani na mtu wa Mbita, likarudi kwao na mkongojo wake, na sisi wa Mombasa tukaenda kulisikia huko.

La pili ni safari za wanafunzi. Mwaka 1959 Mboya na rafiki zake wa Marekani walichangisha fedha wakawapeleka vijana kusoma katika vyuo vya Marekani, kwa sababu milango ya elimu ya juu hapa ilikuwa myembamba na ufunguo wake ulikuwa mkononi mwa mkoloni. Ndege ya kwanza, Septemba mwaka huo, ilichukua vijana 81. Hadi mwaka 1963 walikuwa wamekaribia 800, wa Kenya na wa nchi jirani. Mmoja wao, aliyeondoka mwaka 1960, alikuwa Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Wengine waliporudi walishika ofisi zilizoachwa na Waingereza, wakafundisha, wakatibu. Mwenyeji wetu alisema ana jamaa yake aliyesomeshwa na mmoja wa waliosomeshwa hivyo. Yaani jina lilikuwa limeshuka ngazi ya tatu, na bado lilikuwa na joto.

Tuseme tunavyoona, na anayetupinga atuandikie. Lile jengo la risasi lahifadhi kifo cha Mboya, na lina haki, kwani damu ya mtu haisahauliwi hivi hivi, na jamaa wana haki ya kuwa na mahali pa kusimama na kulia. Uhai wake unahifadhiwa kwingine, na watu ambao aghalabu hawakumwona.

Kabla hatujaondoka Rusinga tulicheka kidogo, na kicheko msibani si haramu kikiwa cha adabu. Mwenyeji alitueleza kuwa kwa wataalamu wa mifupa ya kale kisiwa chao ni mashuhuri kwa jambo jingine kabisa. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapo fuvu la mnyama wa kale wa jamii ya nyani, ambaye wataalamu humwita Proconsul. Na jina hilo? Limetokana na Consul, sokwe aliyekuwa akichezeshwa mbele ya watazamaji wa London. Basi ndivyo ilivyo: mcheza mazingaombwe huweza naye kuacha jina katika vitabu vya elimu, bila kujua, bila kuomba. Tunawaambia haya vijana wetu wanaokesha wakihesabu watazamaji wa video zao. Hatuwakejeli. Twajua kuwa leo kutazamwa ni riziki kwa baadhi yao. Twawakumbusha tu kuwa hata Consul alitazamwa.

Turudi Mbita mjini. Jioni ile ndugu wa marehemu alitupitisha shambani kwake, na hapo tukaona kilimo ambacho hatujakizoea pwani. Mahindi yamezungukwa na nyasi ndefu za nepia, na baina ya mistari ya mahindi pametambaa mmea mdogo wa jamii ya kunde, uitwao desmodiamu. Wenyewe hukiita sukuma-vuta. Nondo ambaye viwavi wake hutoboa mabua ya mahindi huchukia harufu ya ule mmea wa chini, akasukumwa nje. Kule pembeni nepia humvuta, akataga mayai yake huko, na viwavi wengi hufia humo. Zaidi ya hayo, desmodiamu huzuia lile gugu linyonyalo mizizi ya mahindi, ambalo Wajaluo huliita kayongo, hurutubisha udongo, na ng'ombe hula. Mzee alieleza haya yote kwa fahari ya mtu aliyevumbua mwenyewe. Alipoulizwa amejifunza wapi, alisema kwa jirani, na jirani kwa watu wa wadudu.

Watu wa wadudu ni kituo cha utafiti cha icipe kilichopo hapo hapo Mbita, ambako mbinu hiyo ilifanyiwa kazi kwa miaka mingi na Zeyaur Khan na wenzake, pamoja na wataalamu wa Uingereza na wa serikali yetu. Kampasi ile inaitwa kwa jina la Thomas Odhiambo. Tulimuuliza mwenyeji wetu Thomas Odhiambo ni nani. Akafikiri, akasema: ni jina la kile kituo.

Sisi tulijua kidogo zaidi, na tulilojua lilitutia haya. Thomas Risley Odhiambo alizaliwa Mombasa, tarehe 4 Februari 1931. Mwana wa mji wetu! Alisoma Maseno, akaenda Makerere, kisha Cambridge, akawa bingwa wa elimu ya wadudu. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science kutetea kwamba Afrika ijengewe vituo vya elimu vya kiwango cha juu kabisa, wala isibaki kupokea majibu yaliyopikwa kwingine. Mwaka 1970 akakianzisha icipe, akakiongoza hadi mwaka 1994. Mwaka 1985 alikuwa katika walioasisi Akademia ya Sayansi ya Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Alifariki mwaka 2003. Haya, tuambieni, ni watoto wangapi wa Mombasa waliofundishwa kuwa huyu alizaliwa kwao? Mboya naye hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake alikuwa akifanya kazi. Majina yote mawili yametunzwa Mbita, na wenyewe walizaliwa kwingine.

Tukauliza tena swali letu pembeni ya yale mahindi. Sukuma-vuta si uvumbuzi wa Odhiambo mwenyewe. Ni wa waliofanya kazi katika nyumba aliyoisimamisha. Na mkulima anayeitumia hamjui. Je, huo ni umaarufu? Mmoja wetu alisema hapana, huko ni kusahauliwa kwenye heshima. Mwingine alisema ndiyo hasa umaarufu, maana jina limekwisha kuwa mahali, na mahali pamekwisha kuwa chakula. Hatukuafikiana, na mpaka leo hatujaafikiana.

Tuliokulia Mombasa tuna mfano wetu wa jambo hili. Muyaka bin Haji alifariki karibu mwaka 1840, na tungo zake zilikuwa vinywani tu. Lau si Mwalimu Sikujua, aliyezikusanya na kumfafanulia Mwingereza Taylor, na baadaye Hichens aliyezichapisha mwaka 1940, leo tungekuwa na jina la mshairi pasi na mashairi. Muyaka twamtaja kila mwenye kutaja ushairi. Sikujua je? Nyuma ya jina lililodumu huwa yupo mbebaji, na mbebaji kwa kawaida halipwi. Mwenye sifa hawezi kumteua mbebaji wake. Hata fedha haimteui. Watu hubeba kile wanachokihitaji, wakakiacha kile wasichokihitaji, na hakuna ukali wa kuwalazimisha.

Usiku wa mwisho tuliketi na mjane. Tulimpa rambirambi za mtaa, pamoja na bahasha, naye akatushukuru kwa Kiswahili safi cha Mombasa alichokaa nacho miaka yote ile. Akatuuliza habari za mtaa, nani kafa, nani kazaa. Mmoja wetu, pasi na kukusudia kitu, akasema kwamba mjukuu wake amekatazwa kucheza pale, kisha akapataja pale kwa jina ambalo watoto wote hupaita. Ni jina la utani la marehemu. Kona yote ya kisima huitwa kwa jina hilo. Dereva wa bodaboda hulitumia, mama akimtuma mtoto dukani hulitumia, na watoto wenyewe hawajui kama ni mtu; wao wadhani ni jina la kona tu.

Mama yule alinyamaza. Kisha akauliza: "Mpaka leo?"

Tukamwambia mpaka leo.

"Hakuniambia," akasema. "Labda hakujua."

Ndugu wasomaji, hapo tulipata aibu ambayo hatujawahi kuipata katika miaka yote ya kuandika safu hii. Kwa sababu ni kweli, hakujua. Kona ilianza kuitwa hivyo baada ya kuondoka kwake. Tulikuwa na namba yake ya simu. Wakati wa sikukuu tulikuwa tukimpigia, tukamuuliza afya, akatuuliza samaki wa siku hizi bei gani. Haikuwahi kumpitikia mmoja wetu kumwambia: mzee, kona inaitwa kwa jina lako. Tulilichukulia kuwa ni jambo dogo. Lau angelijua, lingemzidishia nini? Pengine kicheko tu. Lakini tulikuwa na kicheko chake mifukoni mwetu miaka yote hiyo, na hatukumpelekea.

Ndipo, kama mtu anayejitafutia udhuru, tulipomsimulia mama habari za kibao cha marumaru, na jinsi tulivyotaka kuandika kukipinga. Tulitumaini atatuunga mkono. Mume wake hakuandikwa popote, na huyu tajiri ataka kuandika kwa fedha! Yeye akauliza jambo moja: "Jina ni la kwake, au la baba yake?" Tukasema la baba yake. "Basi mwacheni aandike," akasema. "Huyo ni mtoto anayemkumbuka baba yake. Kuna ubaya gani?"

Hatukuwa na la kusema, na wenye kufahamu watajua kwa nini. Sisi ndio tuliofundishwa utotoni kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema mwenye kumuombea. Tulikuwa tumeikumbuka hadithi nyingine, ile ya kutisha, ya mwanachuoni, mpiganaji na mkarimu watakaoambiwa Siku ya Kiyama kwamba walitenda ili wasifiwe, na wamekwisha kusifiwa. Hadithi hiyo kila mtu hujisomea mwenyewe kwa nafsi yake. Sisi tulitaka kumsomea mwenzetu. Na ile ya kwanza, iliyo na mtoto ndani yake, ilibidi tukumbushwe kwa njia ya mama wa Mbita asiyeijua.

Makala ile ya ukali tumeichana. Kwa bwana mwenye kisima tumeomba radhi ana kwa ana, ingawa hakuwa amejua tunamtaka nini, na radhi yetu ilimshangaza. Kamati imekutana Jumamosi baada ya Isha na kibao kimepitishwa, sauti mbili zikipinga. Kuna aliyependekeza kwamba na jina la mzee wa pampu litiwe chini yake kwa herufi ndogo. Tumeupinga ushauri huo, maana wanawe hawakutaka kuandikwa, na pia, tuseme kweli, twaogopa kwamba likipigwa misumari watoto watakoma kulitumia.

Mama aliomba kitu kimoja tulipoagana: picha ya kona, yenye watoto wakiwepo. Tumeipiga Jumatatu alasiri, saa ya kuchota maji, na tumemtumia kwa simu. Mafundi walikuwa hawajafika. Ukutani hapakuwa na kitu, na mtoto mmoja aliyeulizwa hapa ni wapi, alitaja jina kwa sauti kubwa, akitushangaa kwa kutokujua.